Futi Iliyoishia Mia

Chumba cha mbele cha nyumba yao hakikujua kufungwa. Asubuhi, kabla chai haijachemka, mteja wa kwanza ameshasimama mlangoni na suruali ya mtoto mkononi, anaomba ipunguzwe "kidogo tu, mama fundi, hata dakika haiishi." Nyuma yake yuko wa pili, amekuja kuuliza kama shati limekwisha, na anajua fika kwamba halijaisha. Huyo hakuja kwa ajili ya shati. Amekuja kukaa. Kwenye benchi la wateja, wasio na nguo ya kushonewa walikuwa wengi kuliko wenye nayo, na habari za mtaa zilipita hapo kwanza kabla hazijawafikia wenyewe.

Mama alishona sare za shule. Binti yake wa miaka kumi na miwili alijua kushona vifungo kabla hajajua kusoma, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kifungo. Kabla ya kwenda shule alikaa kwenye kigoda akashona vifungo vya mashati mawili matatu, sindano ikipanda na kushuka, masikio yote yakiwa kwenye benchi.

Kwenye kona, karibu na dirisha, alikaa Kaka. Alikuwa na miaka kumi na sita na alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaoitwa seli mundu, ambao ukimshika humwingia mifupani kama msumari. Siku ambazo mwili ulimruhusu, alikwenda shule. Siku nyingine alikaa pale konani, miguu ndani ya blanketi, na kazi yake ilikuwa kupima. Mama alikuwa na sheria moja ambayo hata mteja mwenye haraka hakuweza kuivunja: aliyekata hapimi alichokata. Ukikata mkono wa shati, unampa mwingine aupime kabla haujaingia kwenye cherehani.

"Jicho lililokata linaipenda kazi yake," alisema Mama. "Kosa halilioni."

Kaka alikuwa na futi yake mwenyewe, ule utepe wa kupimia ambao mafundi huuning'iniza shingoni. Ilikuwa futi ya zamani ya Mama. Mwisho wake ulipoanza kuchanika, Mama aliukata kwa mkasi palepale kwenye mia, akampa Kaka kipande kizuri. Naye Kaka alikichukua, akazungushia wino mwekundu baadhi ya namba: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, hivyo hivyo mpaka tisini na saba.

"Hivi nyie watoto," aliuliza Mama Redio siku moja kutoka kwenye benchi, "hizo namba mnazozitafuta kutwa, zimepotea?"

Mama Redio alikuwa jirani, muuza mkaa. Jina lake la kweli lilikuwa limesahauliwa. Habari ukimpa asubuhi, mchana unaikuta sokoni imeongezwa chumvi.

"Hazijapotea, mama," alijibu Kaka. "Zimejificha."

"Na mkizipata?"

"Tunajaribu kuzivunja."

"Mh! Wenzenu wanatafuta pesa, nyie mnatafuta namba za kuvunja. Shoga, watoto wako hawa!"

Kaka alicheka, akaomba kopo la vifungo. Akahesabu kumi na mbili, akavimwaga mapajani mwa Mama Redio. "Vipange kwa mistari iliyo sawa."

Mama Redio akavipanga juu ya benchi, mistari mitatu ya vifungo vinne. Kaka akamwambia ajaribu tena, akapata miwili ya sita. "Rahisi hii," alisema.

"Ongeza kimoja. Panga sasa."

Mama Redio akapanga, akapangua. Viwili viwili, kikabaki kimoja. Vitatu vitatu, kikabaki kimoja. Vinne vinne, kikabaki kimoja. Vitano vitano, vikabaki vitatu. Akakuna kichwa chini ya kilemba. "Huyu wa kumi na tatu ana kiburi! Hataki kukaa na wenzake?"

"Kumi na tatu haigawanyiki, ila kwa moja na kwa yenyewe," alisema Kaka. "Vitabu vinaziita namba tasa. Mimi naziita namba ngumu."

Benchi zima lilicheka, na kufika jioni muuza nyanya na fundi baiskeli wote walikuwa wanajua kwamba kumi na tatu ina kiburi.

Shuleni kwao, mwalimu wa hesabu alikuwa ametenga ukuta mmoja wa darasa. Mwanafunzi aliyepata namba tasa kubwa, iliyozidi elfu kumi, alichorewa namba yake pale kwa rangi, na jina lake chini yake. Masharti yalikuwa mawili. Usiitoe kitabuni, na usiipime mwenyewe. Mtu mwingine aipime, aseme mbele ya Mwalimu kwamba amejaribu yote na haikugawanyika. Kaka aliposikia sharti la pili alicheka. "Huyu Mwalimu amewahi kukaa kwenye benchi letu," alisema.

Basi Kaka akawa anachagua, Kifungo anapima. Walihesabia kwenye kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali, kwa chaki ya kushonea. Hesabu ikiisha unakikung'uta, kinakuwa kipya. Namba ya kwanza ya Kaka ilikuwa elfu kumi, na moja juu yake. Kifungo aliifuata futi, nyekundu baada ya nyekundu, akaigawa kwa kila moja. Alipofika sabini na tatu, akaandika, akaandika tena, akainua macho.

"Kaka. Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Haibaki kitu."

"Hebu!" Kaka alikinyakua kitambaa, akatazama. Kisha akajiangusha nyuma kwenye mto akipiga makofi. "Umeniua, Kifungo! Umeniua kabisa! Ona ilivyojificha, shetani hii, mpaka sabini na tatu!" Akakikung'uta kitambaa mwenyewe, vumbi jeupe likamrukia usoni, akapiga chafya huku anacheka.

Siku hiyo ndiyo alimfundisha mahali pa kusimama. "Wanaovunja namba huja wawili wawili," alisema. "Mkubwa haji bila mdogo wake. Sasa wewe mtafute mdogo. Panda polepole, na kila namba unayojaribu, izidishe kwa yenyewe. Jibu likishapita namba yako, simama, umemaliza. Mdogo hayupo, na mkubwa naye hayupo."

Namba yake ya pili aliichagua majira ya baridi yalipoanza, na baridi ilikuwa adui yake. Ilikuwa elfu kumi mia nne na tatu. Haikuishia na tano wala sifuri, haikuwa shufwa, na tarakimu zake ukizijumlisha unapata nane, kwa hiyo tatu nayo haiwezi kuigawa. "Hii," alisema Kaka, "hii naiona ina roho ngumu." Vidole vyake vilikuwa vimevimba, chaki haikushikika.

Kifungo alianza kupima. Saba ikabakiza moja. Kumi na moja ikabakiza nane. Kumi na tatu mara mia nane, ikabaki tatu. Aliendelea hivyo, siku tatu nne, kidogo kidogo kati ya vifungo na kazi za shule. Alikuwa amefika arobaini na moja mchana ule maumivu yalipomshika Kaka vibaya.

Mama alikuwa nje anahangaika na usafiri wa kwenda hospitali. Kaka amejikunja konani, jasho linamtoka, meno ameyauma. Katikati ya maumivu akafumbua macho, akamtazama dada yake aliyekuwa amekaa na kitambaa cheusi mapajani.

"Umemaliza?"

Kifungo alitazama kitambaa. Akatazama futi, na namba nyekundu zilizobaki. Akatazama uso wa kaka yake.

"Nimemaliza," alisema. "Haigawanyiki."

Uso wa Kaka ukafunguka. Kwa kitambo kidogo alikuwa kama mtu asiyeumwa. "Nilijua," alisema. "Nilijua mimi! Mama! Mama, mwambie Mwalimu!" Na walipokuwa wanambeba kwenda kwenye gari alikuwa bado anaitaja, pumzi juu juu: elfu kumi, mia nne na tatu.

Kifungo alijiambia kwamba angemalizia kabla Kaka hajarudi. Zilizobaki zilikuwa chache. Akirudi Kaka, atakuta kazi imeisha kweli.

Kaka hakurudi. Asubuhi moja aliingia Mama, peke yake, na lile blanketi limekunjwa vizuri kwapani. Kifungo alilitazama blanketi akaelewa.

Nyumba ikajaa. Ilikuwa imezoea kujaa, lakini si namna hii. Benchi lilitolewa nje, cherehani ikasukumwa ukutani, ikafunikwa shuka. Baba yao, dereva wa lori la safari ndefu, alifika na vumbi la njiani kwenye viatu, akamzika mwanawe, na baada ya siku chache akarudi barabarani, kwa sababu mzigo wa watu haungoji. Wanawake walipika, walilia, walikumbushana. Mama Redio, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikaa pembeni amekumbatia kopo la vifungo.

Mwalimu naye alikuja. Alisimama mbele ya watu, mwembamba, amekunja kofia yake mkononi. "Kijana huyu ametuachia namba," alisema. "Elfu kumi mia nne na tatu. Ni namba tasa. Dada yake ameipima. Tutaichora ukutani, na watoto watakaosoma baada yetu wataiona."

Watu waligeuka kumtazama Kifungo. Mmoja akampapasa kichwa. Kifungo alihisi kama amemeza pini. Alitaka kusema, lakini angesemaje, mbele ya watu wale, siku ile?

Kutoka hapo namba ikatembea. Mama Redio aliipeleka mkaani, mkaa ukaipeleka sokoni. Watu waliofika kutoa pole waliitaja: ile namba ya marehemu, ile isiyovunjika.

Wageni walipopungua, nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu Kifungo azaliwe. Shuka halikuondolewa kwenye cherehani. Wateja walikuja wakakuta Mama amekaa na mikono mapajani, wakaondoka na nguo zao bila kuziulizia. Siku moja tu alizungumza bila kuulizwa.

"Haivunjiki kabisa?" alisema. "Na chochote?"

Kifungo alikuwa anaosha vikombe. "Ndiyo, mama," alisema, na hakugeuka.

"Basi kuna kitu chake kimoja kilichokuwa kizima," alisema Mama.

Kesho yake Kifungo alirudi kutoka shule akamkuta Mama ameketi mlangoni kwenye mwanga. Shati la shule la Kaka lilikuwa magotini mwake, na kwenye mfuko alikuwa anadarizi kwa uzi mwekundu. Moja. Sifuri. Nne ilikuwa nusu. Tangu msiba, ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kushika sindano.

"Nitalivalisha hanga, tulipeleke shule siku ya kuchora," alisema Mama. "Ijumaa."

Kifungo akapita ndani haraka. Akakaa kwenye kona ya dirisha, mahali pa Kaka, akachukua kitambaa cheusi, chaki na futi. Chaki ya siku ile ilikuwa bado ipo, arobaini na moja, imebakiza thelathini. Hakuikung'uta. Aliendelea chini yake.

Arobaini na tatu. Ikabakiza arobaini. Arobaini na saba, ikabakiza kumi na sita. Hamsini na tatu. Kila baki ilipotokea aliishukuru. Sitini na saba. Sabini na moja. Alipofika sabini na tatu, aliandika polepole zaidi, kwa sababu ndiyo iliyomvunjia Kaka namba ya kwanza. Ikabakiza thelathini na saba. Akavuta pumzi. Themanini na tatu. Themanini na tisa. Tisini na saba ilikuwa nyekundu ya mwisho kwenye futi. Aliigawa mara mbili kuhakikisha. Ikabakiza ishirini na nne.

Haikugawanyika.

Kifungo aliweka chaki chini akalia kwa furaha. Alichomwambia Kaka kilikuwa kweli. Alisema uongo, naam, lakini uongo umegeuka kweli, basi ni kama hakusema. Mama amalizie shati. Mwalimu achore.

Akaanza kuiviringisha futi airudishe kwenye msumari wake. Kidole chake kikapita kwenye ncha, pale pa mwisho. Palikuwa pameparuza kidogo. Mafundi wanaijua ncha iliyotoka kiwandani na ncha iliyopita mkasi.

Futi haikuishia pale. Ilikatwa pale.

Akakaa tena polepole. Mia mara mia ni elfu kumi. Elfu kumi haijapita elfu kumi mia nne na tatu. Kaka alisema, simama jibu likishapita. Halijapita. Amesimama kwa sababu utepe umeisha, na utepe uliisha kwa sababu Mama aliukata ulipochanika. Baada ya mia kuna mia moja na moja. Akaijaribu kichwani kwa namba nyekundu moja moja, nayo haikukubali hata moja: mia moja na moja ilikuwa namba ngumu, ila wino haukuifikia tu.

Aliandika. Mia moja na moja ndani ya elfu kumi mia nne na tatu. Mara mia moja, bado mia tatu na tatu. Mara tatu.

Haikubaki kitu.

Aliandika upya. Haikubaki kitu. Akaandika mara ya tatu, pole pole, kama mtu anayetumaini mkono wake ulikosea. Mia moja na moja, mara mia moja na tatu. Elfu kumi mia nne na tatu.

"We mtoto, unalia nini peke yako?" Mama Redio aliingia na kikapu cha mkaa, akakiweka chini. Kifungo hakuweza kujizuia, akamwambia yote kwa kunong'ona: arobaini na moja, gari, "nimemaliza", futi.

Mama Redio alitazama mlangoni, ambako kivuli cha Mama kilikuwa kinapandisha na kushusha sindano. Akachuchumaa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sijui hesabu, lakini namjua mama yako. Ile sindano ndiyo inamshikilia. Nyamaza. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua, mama."

"Mimi nitanyamaza."

Walitazamana. Hata katika huzuni ile, Mama Redio mwenyewe aliona kwamba maneno yale hayakuwa na uzito, akashusha macho. "Safari hii nitanyamaza," alisema taratibu. "Lakini amua mwenyewe."

Kifungo alifikiri. Namba ingekaa ukutani. Mwaka huu asione mtu, mwaka kesho asione. Halafu siku moja mtoto mwenye chaki, kama yeye, angeketi chini ya ukuta na kujaribu mia moja na moja. Angecheka. Na jina la Kaka lingekuwa pale pale, chini ya kicheko.

Akachukua kitambaa akaenda mlangoni. Mama alikuwa amefika kwenye sifuri ya pili.

"Mama, acha kwanza."

"Nini?"

"Inavunjika."

Sindano ikasimama. Kifungo akasema yote. Alitaja na ile mara ya vikombe. Alipomaliza, Mama aliutazama mfuko wa shati, akasema kwa sauti ndogo ambayo Kifungo alikuja kuikumbuka kuliko kelele yoyote, "Na hii pia?"

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nyumba ile haikujua milango kufungwa. Kifungo alibaki ameketi kizingitini na shati, jua likimhama miguuni. Mama Redio aliketi upande wa pili wa kizingiti, kikapu cha mkaa miguuni.

Mama alipotoka, macho yalikuwa yamevimba. Mkononi alikuwa na wembe wa kufumulia.

"Siku ulipovunja ile ya kwanza, ya sabini na tatu," alisema. "Nilisikia makofi. Alisemaje?"

"Alisema nimemuua. Alicheka mpaka akapiga chafya."

Mama aliketi, akauchukua mfuko, akaanza kukata nyuzi moja moja, kwa uangalifu asijeruhi kitambaa. Alifumua sifuri. Alifumua nne. Machozi yalidondoka juu ya vidole lakini vidole havikukosea.

"Kushona shati la mtu aliyekwenda ni kazi ngumu," alisema. "Kufumua ni ngumu zaidi. Ungeniambia mapema, mwanangu, ningefumua kidogo."

"Nisamehe, mama. Nilimwonea huruma. Nilifikiri nikimwambia sijamaliza, atakufa anasubiri."

"Angesubiri na wewe." Mama alipuliza uzi mwekundu kutoka kwenye wembe. "Angekuambia, haya, arobaini na tatu. Haya, arobaini na saba. Mngekuwa wawili mpaka kwenye gari. Wewe ulimpa jibu, ukamwacha peke yake nalo."

Kifungo akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu mazishi, na Mama akamvutia kifuani, wembe ameushika mbali na mwili wake.

Siku ya kuchora walikwenda pamoja. Mwalimu alikuwa ameshafungua kopo la rangi, brashi iko tayari, darasa limesimama. Kifungo alisema mbele yao alichofanya na alichokuta. Mvulana mmoja, waliyemwita Kasuku kwa kupenda kuropoka, akasema kwa sauti, "Kumbe namba yenyewe mbovu!"

"Si mbovu," alisema Kifungo. "Imepimwa."

Mwalimu alirudisha kifuniko cha rangi, akakikandamiza taratibu kwa kidole gumba pande zote. "Nami nilikuwa na siku nyingi za kuipima kabla ya leo," alisema. "Sikuipima. Niliona aibu kumpima marehemu. Nilikosea." Akachukua chaki, akaandika ubaoni: 101 × 103. "Tazameni hizi mbili. Zote ni tasa. Zimepakana, kati yao kuna namba moja tu. Na elfu kumi mia nne na tatu imejengwa na hizi mbili peke yake. Tafuta namba tasa nyingine zozote, kubwa au ndogo, mpaka uzeeke. Hakuna nyingine zinazoweza kuijenga. Kila namba ina wajenzi wake, na hawabadilishiki."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu," aliuliza, "hizo mbili zenyewe, hazivunjiki?"

"Hazivunjiki, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akazitazama zile mbili ubaoni. Ukutani, nafasi waliyokuwa wamemtengea Kaka ilibaki tupu.

Jioni ile Kifungo alikuwa anapanga vifungo alipousikia mlio ambao masikio yalikuwa yameusahau. Cherehani. Shuka lilikuwa limekunjwa, na Mama ameinama, mguu unakanyaga. Hakuwa anashona nguo. Alikuwa ameichukua ile futi ya Kaka, na kwenye ncha yake, pale pa mia, aliunganisha utepe mweupe mrefu, mtupu, usio na namba hata moja. Alikata uzi kwa meno.

"Hizi namba zenu ngumu, zina mwisho?"

"Kaka alisema hazina. Alisema watu walishahakikisha, haziishi."

"Basi utaandika wewe. Ukifika mwisho wa utepe, uniambie, nitaunganisha mwingine." Akamshika kidevu akamtazama machoni. "Lakini sikia neno langu, na ulishike. Mtu akikuuliza kama umemaliza, na hujamaliza, sema hujamaliza. Hata kama anaumwa. Hata kama ni mimi ninayeuliza, na machozi yananitoka. Ukimwonea mtu huruma, kaa naye. Usimpe kipimo cha uongo, maana siku moja atakivaa, na kitambana wewe hupo."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Kuna mkono wa shati nimekata pale mezani. Upime kabla sijaushona." Akaitazama kona ya dirisha. "Hakuna mwingine wa kupima."

Kifungo aliupima mkono wa shati, juu na chini, akaupima tena. Ulikuwa sawa, akasema uko sawa. Kisha akaketi kwenye kona ya dirisha na kalamu mbili. Nje Mama Redio alikuwa anaburuta benchi akilirudisha mahali pake, akimgombeza mtu asiyemshikia upande wa pili. Kifungo akapima sentimita moja kwenye utepe mweupe, akaandika mia moja na moja, akaizungushia wino mwekundu. Akapima nyingine, akaandika mia moja na mbili kwa nyeusi. Halafu akaandika mia moja na tatu.